Mgeni Aje, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa madarasa ya chini. Tumeitungia insha, na walimu miongoni mwetu wamezisahihisha insha hizo kwa wino mwekundu mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, ni nadra sana kwetu kukaa na kujiuliza methali yenyewe inadai nini. Haisemi mwenyeji ajengewe jumba. Haisemi apigwe picha akiwa amesimama ubavuni mwa mgeni. Yasema apone, yaani mgeni atakapofunga mizigo yake na kwenda zake, mwenyeji abaki na siha kuliko aliyokuwa nayo kabla ya hodi kubishwa.

Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu mnamo Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na jirani zetu Tanzania na Uganda, ilikabidhiwa jukumu la kuandaa fainali za kandanda za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yamekuwa ya viwanja: viti ni vingapi, paa ni la namna gani, mkandarasi ni nani na amefikia wapi. Si mazungumzo ya kudharauliwa, maana kandanda haichezwi hewani. Lakini naona kuna swali tulilolirukia. Leo ningependa kuwachukua wasomaji, na hasa walimu na wanafunzi, safari ya mbali kidogo, hadi kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Mchezo usio na uwanja, usio na paa, na ambao mwenyeji wake hupimwa kwa kipimo kingine kabisa. Tukirudi kutoka huko, huenda tukalitazama jukumu letu kwa jicho jipya.

Mchezo wenyewe huitwa triali. Ni mchezo wa pikipiki, lakini asidhani mtu kuwa ni mbio. Katika triali, mwendo wa kasi haumfaidii mtu. Pikipiki inayotumiwa ni nyepesi, uzito wake ukiwa kiasi cha kilo 70, na haina kiti cha maana cha kukalia. Mpanda huiendesha akiwa amesimama wima juu ya vikanyagio. Njia hukatwa vipande, na mipaka ya kila kipande huonyeshwa kwa utepe na mishale. Kipande kimoja chaweza kuwa kijito chenye mawe yenye utelezi, kingine mteremko wa matope na mizizi, kingine mwamba unaopita kimo cha mtu. Kazi ya mpanda ni kukipita kipande hicho pasipo kugusa chini kwa mguu. Akifaulu, haandikiwi alama yoyote, na hiyo ndiyo fahari yake. Akigusa mara moja huandikiwa alama moja. Akigusa mara mbili, alama mbili. Mara tatu au zaidi, alama tatu. Akianguka, akitoka nje ya mipaka au akishindwa kufika mwisho, huandikiwa tano. Jua likichwea, mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Ni mtihani, basi, ambao sifuri ndiyo alama ya juu kabisa. Na kwa mara moja katika maisha yake, mwanafunzi angefurahi kupeleka sifuri nyumbani.

Mchezo huu una asili yake Ulaya, hasa katika vilima vya Uingereza na Uskoti. Mashindano ya siku sita ya Uskoti, ambayo siku hizi kitovu chake ni mji wa Fort William, yalianza mwaka 1909. Baadaye Hispania iliushika mchezo huo ikawa ndiyo baba yake; Mhispania Toni Bou amekuwa bingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007, jambo ambalo si rahisi kulipata katika mchezo wowote ule.

Lakini si habari za mpanda mmoja mmoja ninazozitafuta. Tangu 1984, mashindano yalipofanyika nchini Poland, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Pikipiki, yaani FIM, limekuwa na mashindano ya timu za mataifa yajulikanayo kama Trial des Nations. Wanawake walianza kuwa na mashindano yao mwaka 2000. Katika daraja la juu, kwa kanuni za miaka ya karibuni, timu huwa na wapanda watatu; na kwa kila kipande huhesabiwa alama za wale wawili waliofanya vyema zaidi, ile ya tatu ikatupwa. Tazama busara iliyomo. Mmoja akiteleza, wenzake wawili wakisimama imara, kosa lake hufunikwa. Lakini wakiteleza wawili katika kipande kilekile, hapana wa kuwasitiri. Kila mmoja, kwa hiyo, hupanda akiwa na deni la mwenziwe mabegani.

Sasa tuulize: mashindano haya ya dunia huandaliwa wapi? Mtu angetaraji kusikia Paris, London au Madrid. La hasha. Yamewahi kufanyika katika mji mdogo wa Myślenice nchini Poland. Yamefanyika Andorra, nchi ndogo iliyobanwa na milima kati ya Ufaransa na Hispania, tena si mara moja, bali mwaka 2008 na 2014. Yamefanyika katika kisiwa cha Ibiza mwaka 2019. Na mwaka 2007 yalifanyika Isle of Man, kisiwa kilichoko katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland.

Hebu tusimame hapo Isle of Man. Ukubwa wa kisiwa hicho ni kilomita za mraba 572, yaani kama theluthi moja ya Unguja. Wakazi wake ni kiasi cha watu 80,000. Tuna miji hapa Kenya ambayo mtaa wake mmoja una watu wengi kuliko hao. Je, kisiwa kama hicho hupata wapi ubavu wa kukaribisha timu za mataifa?

Jibu la kwanza ni kwamba waliandaa mchezo ambao ardhi yao ilikuwa imekwisha kuwajengea uwanja wake. Miamba, vijito na mabonde ya kisiwa hicho havikuhitaji mkandarasi. Jibu la pili ni desturi ndefu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, sheria za Uingereza hazikuruhusu barabara kufungwa ili zitumiwe kwa mashindano, lakini bunge la kisiwa hicho, ambalo lina mamlaka yake, lilikubali. Ndiyo maana tangu 1907 kisiwa hicho kimekuwa makao ya mbio mashuhuri za pikipiki zijulikanazo kama TT. Sisemi kwamba kila kitu katika desturi hiyo ni cha kuigwa, kwa kuwa mbio zile zimegharimu maisha ya wapanda wengi kwa miaka mingi, na mwenye busara hawezi kulifumbia macho jambo hilo. Ninachokisema ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa kisiwa hicho, vijana kwa wazee, wamezoea kuacha shughuli zao na kwenda kusimama kando ya njia wakiwa na bendera, filimbi au kadi mkononi, pasipo mshahara.

Na hilo ndilo jibu la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kando ya kila kipande cha triali husimama mwangalizi. Ndiye anayehesabu mguu uligusa mara ngapi, ndiye anayeamua iwapo pikipiki imetoka nje ya utepe, na ndiye anayeandika hukumu. Mara nyingi si mtu aliyeletwa kutoka mbali wala mtu mwenye cheo. Ni mwanachama wa chama cha pikipiki cha pale pale, mtu ambaye wikendi nyingine zote huwaangalia vijana wa kijiji chake wakijaribu kuvuka kijito hicho hicho. Siku ya mashindano ya dunia huvaa koti lake la mvua, husimama matopeni kutwa nzima, na bingwa wa dunia akifika mbele yake na kugusa chini mara mbili, humwandikia mbili. Bingwa akinung'unika, humwandikia mbili vilevile.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mashindano yenye vipande 15, vinavyozungukwa mara mbili. Timu moja ya watu watatu itahukumiwa mara 90. Timu zikiwa 20, hukumu hizo zitafika 1,800 katika siku moja, na kila moja inatolewa na jicho la mwanadamu, papo kwa hapo. Hukumu hizo zikipotoka, mashindano yote yatakuwa mzaha, hata kama hoteli zilikuwa safi na hotuba zilikuwa tamu. Zikinyooka, mgeni ataondoka akiwa na heshima kwa mwenyeji hata kama alilala hemani. Basi utajiri wa mwenyeji katika mchezo huu hauko katika saruji. Uko katika watu wake wanaoijua kanuni, wanaoipenda, na wasioiuza.

Tena yapaswa kuongezwa kwamba mwenyeji si lazima ashinde. Mwaka 2007 kombe la wanaume halikubaki kisiwani. Lilichukuliwa na Hispania. Lakini kijito hakikuondoka na Wahispania, wala waangalizi hawakuondoka nao. Wikendi iliyofuata, vijana wa pale walikuwa na njia ile ile na waamuzi wale wale, isipokuwa waamuzi hao sasa walikuwa wamewahi kuwahukumu walio bora duniani. Hapo ndipo mwenyeji alipopona.

Sasa turudi kwetu. Historia yetu ya uenyeji ina asali na shubiri. Mwaka 1987 tulikaribisha Michezo ya Afrika, na uwanja wa Kasarani uliojengwa kwa msaada wa China ukatubakia. Simkubali anayesema kwamba fedha ile ilikwenda bure, kwa maana miaka 30 baadaye, Julai 2017, uwanja huo huo ulikaribisha riadha ya dunia ya vijana wasiozidi umri wa miaka 18, na watazamaji wakafurika hadi wageni wakastaajabu. Mwaka 2021 ulikaribisha tena ile ya wasiozidi miaka 20. Uwanja unaotumiwa ni mali. Ni uwanja uliofungwa kwa kufuli ndio unaokuwa deni.

Lakini pia tulipewa fainali za kandanda za Afrika za 1996 na tukanyang'anywa, zikaenda Afrika Kusini. Tulipewa fainali za CHAN za 2018, tukanyang'anywa miezi michache kabla, zikaenda Morocco. Tulipopata nafasi nyingine mwezi Agosti 2025, tukishirikiana na Tanzania na Uganda, timu yetu ilicheza kwa ujasiri na mioyo yetu ikafurahi. Uwanja ulikuwepo, nyasi zilikuwepo, taa ziliwaka. Kilichotutia aibu hakikuwa saruji. Mashabiki wasio na tiketi walijipenyeza kwa nguvu langoni, Shirikisho la Kandanda la Afrika likatutoza faini, na idadi ya watazamaji wanaoruhusiwa Kasarani ikapunguzwa. Tulikuwa na kuta. Tuliowakosa ni watu waliofunzwa kusimama penye kuta hizo, na umma uliofunzwa kuwaheshimu.

Upande wa pili wa mizani kuna mifano yetu wenyewe inayotupa moyo. Tarehe 24 Machi 2007, mwaka ule ule wa Isle of Man, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa. Hatukujenga uwanja mpya. Yalifanyika katika uwanja wa gofu, kando ya bahari, mbele ya umati mkubwa. Joto na unyevunyevu wa Pwani viliwatesa wakimbiaji hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashikiki katika mbio hizo, akajitoa njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Yapo ya kulaumiwa kuhusu saa na hali ya hewa, lakini hakuna aliyelaumu ukosefu wa paa.

Kuna pia mashindano ya magari ya Rhino Charge, ambayo yamekuwako tangu 1989. Hayo, kama triali, hutafuta ardhi ngumu isiyo na barabara: magari hutakiwa kupita vituo 13 kwa muda wa saa kumi, na anayetumia njia fupi zaidi hushinda. Si mchezo wa maskini, nakiri. Lakini fedha zilizochangwa kwa njia hiyo zilisaidia kujenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuizunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Ua huo huulinda msitu na wanyama wake, na vilevile shamba la mkulima aliyekuwa akiliwa mahindi na ndovu. Mgeni alikuja akaondoka. Mlima ukabaki na ua, na mkulima akabaki na mavuno yake. Huko ndiko kupona.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba triali ni anasa ya Wazungu, na kwamba nchi ambayo wodi zake zimejaa majeruhi wa bodaboda haina haja ya kuongeza mchezo wa pikipiki. Namjibu kwamba sijasema tuombe kuandaa Trial des Nations kesho. Nimesema tujifunze namna ya kuwa wenyeji. Hata hivyo, kwa kuwa amezitaja bodaboda, na tuseme. Tangu kodi ya ongezeko la thamani ilipoondolewa kwa pikipiki za injini ndogo mwaka 2008, vijana wetu wamekuwa wapanda pikipiki kwa wingi usiokadirika. Wengi wao walifunzwa na rafiki kwa siku mbili, kisha wakampakia abiria. Wanajua kwenda kasi. Ambacho wengi hawakufunzwa ni kwenda polepole: kuishika pikipiki isimame wima kwenye matope, kuvunja mwendo pasipo kuteleza, kugeuza mahali pembamba bila kutia mguu chini. Hayo ndiyo masomo yote ya triali. Jumamosi moja, uwanja wa shule, mawe machache, magogo, chokaa ya kuchorea mipaka, kofia ngumu kichwani, na vijana waliofikia umri wa leseni: mashindano hayo hayahitaji pikipiki ya kutoka Hispania. Na atakayeshinda ni yule aliyekosea mara chache kuliko wengine. Sioni somo bora zaidi kwa mtu atakayembeba mama mjamzito usiku kumpeleka zahanati.

Wa pili atasema kwamba kandanda si triali. Kandanda yahitaji uwanja, na mashirikisho ya kimataifa hayakubali kijito. Kweli kabisa, wala simbishii. Viwanja na vijengwe, vikamilike, na hesabu zake ziwekwe hadharani. Lakini uwanja ni nusu ya kazi, na ni ile nusu inayoweza kununuliwa. Nusu ya pili hainunuliki mwaka mmoja kabla ya mashindano. Mwamuzi, mwangalizi, mlinzi wa lango, mpima uwanja, mtunza kadi na muuguzi wa huduma ya kwanza huchukua miaka kulelewa, na malezi hayo hayawezi kuanzia Kasarani. Huanzia shuleni.

Niruhusiwe kutoa kisa kimoja nilichokishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria fainali ya voliboli ya wasichana katika shule ambayo sitaitaja. Uwanja ulikuwa umesawazishwa upya. Hema la mgeni wa heshima lilipambwa kwa vitambaa vya rangi tatu. Soda zilikuwa zimepangwa. Kilichokosekana ni mwamuzi. Aliyealikwa hakufika, na hakuna aliyekuwa amemwandalia badala. Ikabidi mwalimu wa mojawapo ya shule hizo mbili apewe filimbi. Alikuwa mtu mwadilifu, lakini alijua kanuni kwa kusikia tu. Katika seti ya pili mpira uliangukia mstarini, yeye akasema umetoka. Kelele zikazuka, wazazi wakaingia uwanjani, na mchezo haukumalizika. Wasichana waliokuwa wamefanya mazoezi tangu Januari walipanda lori wakiwa na machozi, wasijue kama walishinda au walishindwa. Hema liliendelea kupendeza. Siku ile nilielewa kwamba inawezekana kuandaa kila kitu isipokuwa mashindano yenyewe.

Kwa hivyo nina mambo manne ya kuwapendekezea walimu, wanafunzi, na wale walio na mamlaka juu ya michezo ya shule.

La kwanza, kila shule iwe na chama cha waamuzi kama ilivyo na chama cha Kiswahili au cha mijadala. Si kila mwanafunzi ana miguu ya kukimbia, lakini wako wengi wenye jicho kali, kumbukumbu njema na moyo wa haki. Waanze kwa kuamua mechi za madarasa ya chini. Wasome kanuni, wafanyiwe mtihani, wapewe cheti. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyezoea kusimama mbele ya rafiki yake na kumwambia kwamba amekosea, bila hasira wala upendeleo, amekwisha kujifunza uraia kuliko kurasa nyingi za kitabu.

La pili, vyuo vya ualimu viyachukulie mafunzo ya uamuzi kuwa kazi ya kweli, si nyongeza ya mwisho wa muhula. Walimu wetu tayari ndio uti wa mgongo wa michezo ya shule, kuanzia ya mtaani hadi ile ya Afrika Mashariki inayozunguka kutoka nchi hadi nchi, ambayo mwaka 2025 ilifanyika Kakamega. Wao ndio waangalizi wetu wanaosimama matopeni. Yafaa wapewe filimbi, kitabu cha kanuni, nauli na shukrani, badala ya kukumbukwa pale tu kosa linapotokea.

La tatu, tuiheshimu ardhi tunayochezea. Katika triali, huwezi kupita katika shamba la mtu kabla hujabisha hodi kwake, na kanuni za FIM za mazingira humtaka mpanda atandike mkeka maalumu chini ya pikipiki anapoitengeneza ili mafuta yasimwagike udongoni. Nasi, baada ya tamasha zetu, huacha mifuko, chupa na nyasi zilizokufa, kisha mwenye shamba akikataa mwaka ujao tunamwita adui wa maendeleo. Mashindano yasihesabiwe kuwa yamekwisha mpaka uwanja uwe safi kuliko ulivyokuwa asubuhi.

La nne, kila anayekaribisha wageni, iwe shule, kaunti au taifa, atoe baada ya siku 30 taarifa fupi yenye maswali matatu: Tulitumia kiasi gani? Tumebakiwa na nini? Na nani sasa anajua jambo ambalo hakulijua hapo awali? Taarifa ya shule isomwe gwarideni mbele ya wanafunzi wote. Ya taifa ichapishwe magazetini. Naamini swali la tatu ndilo litakalotutoa jasho.

Mapendekezo haya hayahitaji mabilioni. Yahitaji jambo gumu zaidi, nalo ni subira. Watu wa Isle of Man hawakujifunza uangalizi mwaka 2007. Walijifunza kwa babu zao, wikendi baada ya wikendi, katika mashindano madogo ambayo hayakuandikwa na gazeti lolote la nje. Dunia ilipobisha hodi iliwakuta tayari, kwa sababu hawakuwa wakiisubiri dunia. Walikuwa wakicheza wao kwa wao, kwa haki.

Hebu basi tuzikaribishe timu za Afrika na za dunia kwa mikono miwili. Tupambe malango na kupiga ngoma, kama ilivyo ada yetu. Lakini siku mgeni atakapoaga, mwalimu na awaulize wanafunzi wake waliosimama langoni, waliobeba machela, waliohesabu alama: mmepona? Wakijibu kwamba wamepona, hapo tutakuwa tumeielewa methali tuliyoikariri tangu utotoni. Wakinyamaza, basi tujue kwamba tulimkaribisha mgeni katika nyumba nzuri isiyokuwa na mwenyewe.